KUTUNZA BETRI YA TREKTA DOGO WAKATI HAINA KAZI



Katika vitabu vinavyokuja pamoja na matrekta madogo ya bustani mna ukurasa ambao wasomaji wetu wengi huuruka. Ukurasa huo hueleza namna ya kuweka betri wakati wa majira ya baridi. Mkulima wa Ifo au wa kando ya Mto Tana akiuona husema, "Haya si mambo yetu, huku hakuna theluji," kisha hufunga kitabu. Ni kweli theluji hatuna. Lakini trekta hulala huku kama linavyolala huko Ulaya, tena kwetu hulala mara mbili kwa mwaka, na betri inayolala katika joto letu huharibika upesi kuliko ile inayolala katika baridi ya Uingereza. Hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

Tuitazame kwanza kalenda. Mvua za Gu huanza mwisho wa Machi au Aprili, na mvua za Deyr huanza Oktoba. Kazi kubwa ya kulima iko karibu na mianzo hiyo miwili. Baada ya Gu huja Hagaa, Juni hadi Septemba. Baada ya Deyr huja Jilaal, Januari hadi Machi, wakati ardhi imekauka kama tofali. Wenye maji ya pampu mtoni, na wenye bustani karibu na visima, hulima kidogo kidogo hata miezi hiyo. Lakini mara nyingi trekta lenyewe hukaa wiki nane, kumi, hata kumi na mbili bila kuguswa. Katika vipindi hivyo viwili Jilaal ndiyo ya kuogopwa. Februari na Machi joto la mchana huku Garissa hufika digrii 37 na kupita, na ndani ya stoo ya mabati hupanda zaidi.

Halafu mvua ya kwanza hunyesha usiku. Asubuhi udongo umelowa, na mkulima ana siku chache tu za kulima na kupanda kabla jua halijaunyonya ule unyevu. Tuseme trekta ni mali ya kikundi cha watu kumi na wawili, na kila mtu ana zamu ya nusu siku. Hizo ni siku sita kamili. Betri ikikataa siku ya kwanza, na mtu akatumwa Garissa kutafuta nyingine, akarudi baada ya siku tatu au nne, wale wa mwisho katika orodha watapanda katika vumbi. Hapo ndipo maneno huanza: nani aliacha taa zinawaka, nani alichukua betri akaenda nayo nyumbani, nani atalipa.

Wala barabara si ya kutegemewa wakati huo. Novemba 2006 mafuriko yaliingia Ifo yenyewe, na watu wengi wakahamishiwa Hagadera. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara kuu ya Garissa na Nairobi karibu na Madogo. Betri mpya iliyoko dukani ng'ambo ya mto haimfai mtu siku kama hizo. Betri ya kutegemea ni ile uliyo nayo.

KWA NINI BETRI HUFA IKIWA IMELALA

Watu wengi hudhani kwamba betri huchakaa kwa kazi, na isipofanya kazi hupumzika kama ng'ombe. Sivyo. Betri iliyoachwa bila chaji huendelea kuharibika mchana na usiku, nawe huoni kitu.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Ndani ya kila chumba mna sahani za risasi zilizozama katika maji yaliyochanganywa na asidi ya sulfuriki. Betri inapotoa nguvu, asidi hutoka katika maji na kushikana na risasi, ikafanya ukoko mweupe juu ya sahani. Ukiichaji, ukoko ule huyeyuka na asidi hurudi majini. Basi ukoko ukiwa mpya ni laini, hutoka bila taabu. Ukiachwa wiki nyingi hukazana, mfano wa simenti iliyotiwa maji ikasahauliwa katika karai. Hapo hata uichaji siku nzima hautoki tena, na sahani iliyofunikwa haifanyi kazi. Fundi atakuambia, "Betri haishiki chaji." Amesema kweli, lakini haikuanza leo, ilianza siku ile ulipoiweka ikiwa nusu tupu.

Sasa, hata betri iliyojaa, isiyofungwa waya wowote, hupoteza chaji yake polepole kwa ndani. Joto huongeza kasi ya jambo hilo: kwa kila digrii 10 zinazoongezeka, upotevu huwa karibu mara mbili. Hebu tufanye hesabu, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Chukua betri ambayo katika joto la digrii 20 hupoteza sehemu 5 katika 100 kila mwezi. Katika digrii 10 itapoteza sehemu mbili na nusu. Katika digrii 30 itapoteza 10, na katika digrii 40 itapoteza 20. Mkulima wa Uingereza anayeiweka betri hiyo katika banda la digrii 10 kwa miezi mitano atapoteza sehemu 12 na nusu. Akirudi ataikuta na 87 na zaidi, na injini itawaka. Wewe uliyeiweka chini ya mabati kwa miezi mitatu ya Jilaal, kwa digrii 40, utapoteza sehemu 60. Zimebaki 40, na ukoko umekwisha anza kukazana. Ni kweli usiku hupoa, kwa hiyo hasara yako huwa nafuu kidogo kuliko hesabu hii; lakini pia betri kuukuu, na baadhi ya betri za aina ya zamani, hupoteza zaidi ya sehemu 5 tulizoanza nazo.

Mwenzetu wa Ulaya ana hofu moja ambayo sisi hatuna, nayo ni betri kuganda barafu na kupasuka. Betri iliyojaa haigandi hata katika baridi kali sana, kwa sababu ya asidi iliyomo. Iliyoisha chaji huganda mapema, kwa kuwa maji yake yamekuwa karibu maji matupu. Kwa hiyo dawa yake na dawa yetu ni ile ile: iwekwe ikiwa imejaa. Na hata ndugu zetu wa skimu za Kinangop, ambako baridi ya alfajiri huunguza viazi, wanaweza kuiacha betri muda mrefu kuliko sisi. Sisi tuna saa inayokimbia.

SIKU YA KUILAZA

Usingoje hadi trekta limekaa mwezi. Fanya kazi hii wiki ile ile unapomaliza zamu ya mwisho.

Zima injini na utoe ufunguo. Vua pete, bangili na saa ya chuma, kwa maana chuma kikigusa ncha mbili za betri huwa cha moto ghafula, na kidole kinaweza kuungua vibaya. Legeza kwanza waya wa ncha hasi, ile yenye alama ya kutoa, kisha waya wa ncha chanya, yenye alama ya kujumlisha. Sababu ya utaratibu huu ni kwamba chuma cha trekta kwa kawaida kimeunganishwa na ncha hasi. Ukianza na chanya, na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Wakati wa kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho.

Hata kama huna mahali pa kuihamishia betri, fungua waya hizo. Trekta zingine zina saa ya masaa ya kazi au kifaa kingine kinachonyonya kidogo kidogo hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kidogo hicho kwa wiki kumi si kidogo.

Kisha safisha. Hili hupuuzwa sana huku kwetu, na ndiko vumbi liliko. Vumbi laini likichanganyika na unyevu wa asidi juu ya betri hufanya njia ya umeme kutoka ncha hii hadi ile, na betri hujimaliza yenyewe juu ya rafu. Hakikisha vizibo vyote vimekazwa. Koroga kijiko cha magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, katika kikombe cha maji, usugue kwa mswaki mkuukuu juu ya betri na kwenye ncha. Utaona povu, hiyo ni asidi inayouawa. Povu likiisha, suuza kwa maji safi na upanguse kwa kitambaa. Tone la magadi lisiingie ndani ya vyumba, maana huko nako litaua asidi, nayo ndiyo tunayoitaka. Ncha zikikauka zipake grisi au mafuta ya mgando.

MAJI NDANI YA BETRI

Betri zingine zimefungwa kabisa, hazina vizibo. Hizo usizichokoe kwa bisibisi. Zenye vizibo zifunguliwe, utazame kila chumba kwa mwanga wa jua au tochi. Kamwe usitazame kwa kiberiti wala sigara. Sahani lazima ziwe zimefunikwa. Sahani iliyokaa hewani katika joto hili haiponi.

Yanayopungua kwa joto ni maji, si asidi. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matupu yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Angalia sana dukani, kwa sababu chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi mara nyingi hufanana, na muuzaji mwenye haraka huenda akakupa yoyote. Soma karatasi ya chupa au mwombe anayejua kusoma akusomee. Betri inayoongezwa asidi kila mara hulika sahani zake.

Maji ya Mto Tana hayafai hata yakichujwa. Maji ya visima vya Ifo, yanayotoka katika hifadhi ya Merti iliyo chini kabisa ya ardhi, tunayanywa na kuyamwagilia mboga, lakini yana chumvi, na chumvi ni sumu ya betri. Maji ya chupa ya kunywa nayo yana madini. Ukikosa kabisa maji ya dukani, weka beseni safi la plastiki uwanjani wakati wa mvua, mbali na miti na mapaa, mvua ikiwa imekwisha nyesha kitambo na kuosha vumbi la hewani. Maji hayo yakiwekwa katika chupa safi yatafaa. Maji yaliyopita juu ya bati usiyatumie.

Jaza hadi alama iliyoko ndani, au kiasi cha unene wa kidole kidogo juu ya sahani, wala usizidishe. Jambo moja zaidi: ukikuta sahani zimefunikwa, chaji kwanza, ndipo uongeze maji, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji na yanaweza kufurika. Ukikuta sahani ziko wazi, zifunike kwanza kidogo tu, uchaji, kisha umalizie.

KUCHAJI KWA JUA

Hapa ndipo sisi wa Ifo tunapomshinda mkulima wa Ulaya. Yeye wakati wake wa kulaza trekta ni wakati wa mawingu. Wakati wetu mkubwa ni Jilaal, na jua tunalo hata la kugawa.

Betri ya trekta dogo kwa kawaida si kubwa. Tuseme yako imeandikwa 30, yaani hutoa karibu ampea moja kwa saa 30. Kwa hesabu yetu ya juu, katika joto kali itapoteza sehemu 20 katika 100 kwa mwezi, yaani 6 katika zile 30. Paneli ndogo ya wati 10 ukiigawa kwa volti 17 hutoa kama ampea 0.6. Kwa saa tano za jua zuri hiyo ni 3 kwa siku. Basi siku mbili zingetosha; hesabu siku tatu, kwa sababu chaji nyingine hupotea njiani na paneli huchoka kwa joto na vumbi. Siku tatu kwa mwezi, kwa paneli isiyozidi sinia ya chai kwa ukubwa! Hakuna mkulima anayeweza kusema hana nafasi hiyo.

Lakini paneli isifungwe kwenye betri moja kwa moja. Iwekwe kati yao kidhibiti, kile kisanduku kidogo ambacho mafundi huita kontrola. Bila hicho paneli itaendelea kusukuma hata betri ikiwa imejaa, maji yatachemka na kuisha, na usiku betri inaweza kurudisha nguvu katika paneli. Mwenye chaja ya umeme au jenereta achaji polepole, kwa sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri: betri ya 30, ampea 3. Volti 14.4 ambazo vitabu husema ni za digrii 25. Katika digrii 40 zipunguzwe hadi karibu 14.0, na kontrola nzuri hujipunguza yenyewe. Haya yote ni ya betri za risasi na asidi. Betri za lithiamu zina desturi zao, na chaja ya hizi isitumiwe kwa hizo.

Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo haina harufu na hulipuka kwa cheche ndogo. Chaji mahali pa wazi, chini ya mwarobaini au kivulini nje ya nyumba, mbali na jiko, mbali na mvutaji sigara, mbali na watoto. Weka ndoo ya maji karibu. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 bila kuacha, kisha nenda zahanati hata kama maumivu yamepungua.

Utajuaje kwamba imejaa? Mafundi wa simu pale sokoni wana mita, na kwa kawaida hawakatai kupima. Ila usipime mara tu baada ya kuchaji, maana utaona namba ya uongo. Iache saa kadhaa, afadhali hadi kesho yake. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. Volti 12.4, imebaki robo tatu, nayo ndiyo mpaka: ikifika hapo ichajiwe bila kungoja. Volti 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 ni karibu tupu. Tazama jinsi namba hizi zilivyokaribiana! Mtu akisema, "Ina 12, basi ni nzima, si imeandikwa 12?" amekosea sana. Wenye haidromita watapata karibu 1.265 betri ikiwa imejaa, lakini betri zingine za nchi za joto hutiwa asidi nyepesi zaidi tangu kiwandani. Basi pima yako ikiwa mpya na iliyojaa, uandike, ili uwe na kitu cha kulinganisha.

Wakati wa Jilaal pima na uchaji kila wiki nne. Wakati wa Hagaa, ambapo kuna upepo na joto limepungua, wiki sita si vibaya. Fungia kijikaratasi kwenye mpini wa betri: tarehe, volti, maji, na jina la aliyepima. Katika kikundi, karatasi hiyo huzuia ugomvi mwingi.

MAHALI PA KUIWEKA

Chumba cha udongo chenye paa la nyasi au makuti ni bora kuliko stoo nzuri ya mabati. Ikiwa mabati ndiyo tu uliyo nayo, iweke upande usiopigwa na jua la alasiri, chini badala ya rafu ya juu, kwa kuwa hewa ya moto hukusanyika juu. Isiwe chumba wanamolala watoto.

Kuna mabishano ya siku nyingi kuhusu sakafu ya simenti. Wazee waliofanya kazi na matrekta ya zamani husema kwamba simenti hunyonya chaji. Katika siku zao maneno hayo yalikuwa na maana, kwa sababu masanduku ya betri yalikuwa ya mbao au ya mpira ambao haukuwa mzuri, na unyevu wa sakafu ulipenya. Masanduku ya plastiki ya leo hayana shida hiyo. Hata hivyo sisi twashauri ubao juu ya mawe mawili au matatu, kwa sababu nyingine kabisa: maji ya mvua ya ghafula yakiingia ndani, betri isielee katika tope, na mchwa watakula ubao ulioko chini kabla hujajua.

BETRI SI YA TELEVISHENI

Sasa twafika kwenye jambo linaloua betri nyingi kuliko joto, nalo ni ukarimu. Trekta limelala, betri iko tu. Jirani ana harusi, anaomba betri ya kupigia vipaza sauti. Vijana wanataka kutazama mpira. Mama mmoja ana simu tano za kuchaji. Ni vigumu kukataa, na anayekataa huonekana mchoyo.

Lakini elewa namna betri hii ilivyotengenezwa. Betri ya kuwashia injini ina sahani nyembamba nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha injini huirudishia mara moja. Ni kama mkimbiaji wa mita 100. Betri ya nyumba yenye umeme wa jua ina sahani nene, hutoa kidogo kidogo usiku kucha, kama mchukuzi wa safari ndefu. Ukimkimbiza wa kwanza safari ya wa pili, atazimia. Betri ya kuwashia ikimalizwa kabisa mara chache tu huwa haina nguvu tena ya kuzungusha stata, ingawa taa bado itawaka, na hilo ndilo linalodanganya watu. "Mbona taa inawaka?" Taa ya wati chache haihitaji chochote, stata inahitaji ampea nyingi kwa mpigo mmoja.

Kikundi kifanye sharti moja mapema, kabla Jilaal haijaanza na kabla hakuna aliyeomba: betri ya trekta haiazimwi. Sharti likiwa la wote, mtunzaji habebi lawama peke yake. Anaweza kumjibu mzee kwa adabu, "Mzee wangu, si mimi, ni kamati." Na kama mahitaji ya simu na taa ni makubwa, kikundi kichange kununua betri ya sola ya kazi hiyo, hata ndogo. Itawagharimu, lakini haitawagharimu mavuno.

SIKU YA KUIAMSHA

Usingoje mvua inyeshe. Ukiona mawingu ya Gu yanajikusanya, au kalenda imefika katikati ya Machi, ichaji mara ya mwisho, itazame maji, ipanguse. Sugua ndani ya vichwa vya waya mpaka ving'ae, kwa maana kutu huko huzuia umeme kama vile betri ni mbovu, na watu wamenunua betri mpya bure kwa sababu ya kutu hiyo. Funga chanya, halafu hasi, ukaze, lakini si kwa nguvu zote, ncha ni za risasi na risasi ni laini. Washa injini, iendeshe kwa muda, uzime, uwashe tena. Ikikubali mara ya pili, trekta liko tayari.

Ikiwa injini yako ina hendeli au kamba ya kuvutia, weka hendeli hiyo mahali panapojulikana. Matrekta mengi ya kutembeza kwa mkono, na pampu nyingi za dizeli, huweza kuwashwa hivyo, na siku ya haja huna budi kushukuru.

Betri ikikataa ingawa umeifanyia haya yote, kwanza uliza umri wake. Katika joto la huku betri haidumu miaka kama nyanda za juu, na betri iliyozeeka imezeeka. Chaji siku nzima, iache usiku, pima asubuhi. Ikishuka tena karibu na volti 10.5, chumba kimoja kimekufa, na hakuna dawa. Wapo watakaokuuzia unga wa kutia ndani, au kukuambia umwage asidi yote na kutia mpya. Kwa maoni yetu fedha hizo ziwekwe kwa ajili ya betri nyingine.

Ile iliyokufa usiipasue kutafuta risasi ya kutengenezea uzito wa nyavu au kitu kingine, wala usimwage asidi yake penye bustani au karibu na kisima. Risasi huingia mwilini bila kuonekana, na huwadhuru watoto kuliko wote, katika akili na katika damu. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu hiyo kwa watu waliokaa jirani. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliopingwa katika rufani kabla ya Mahakama ya Juu kuwapa haki yao Desemba 2024. Na hao hawakuigusa betri hata moja kwa mikono yao.

Betri iliyokufa iwekwe wima ndani ya beseni la plastiki, vizibo vikiwa vimekazwa, ipelekwe Garissa siku ile ile unayokwenda kununua mpya. Wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya kwa ajili yake. Ulizia punguzo hilo kabla hujalipa, na uombe wakuandikie tarehe ya kununua juu ya betri yenyewe.